Pa Kulala Kando ya Tana

Vitabu vya mwongozo wa watalii nilivyowahi kuvishika huipa Garsen aya moja, na aya yenyewe ni ya kuagana. Msomaji anaelezwa kwamba hapo ndipo njia zinapoachana, moja ya Hola na Garissa, nyingine ya Witu na Lamu. Kwamba basi husimama kidogo abiria wakanyoosha miguu. Kisha ukurasa unageuzwa na tayari keshafika Lamu, kwenye punda na milango ya nakshi. Mimi nilitaka kulala hapo katikati, tena si gesti. Tulikuwa na gari la kulala: Hiace iliyostaafu kazi ya matatu, ambayo fundi mmoja wa Malindi aliing'oa viti vya nyuma akaiwekea kitanda cha mbao, jiko la gesi na tangi la maji. Mjomba wangu, aliyezeekea kwenye malori, ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa mshika ramani, na mto Tana sikuwahi kuufika.

Swali langu kwa ramani lilikuwa dogo: kati ya Malindi na Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia Lamu, mtu aegeshe wapi usiku asije akaamka yumo majini?

Wanaosafiri kwa magari ya namna hii, hasa Wazungu wanaotoka Cairo hadi Cape Town, wana vyombo vyao. Wakipita Nairobi wengi hutua kambi ya Jungle Junction na kupeana habari za njia. Wana programu ya iOverlander, ambamo kila mmoja huandika alipolala, alipopata maji na alipokoromewa na askari. Wana ramani za Tracks4Africa kutoka Afrika Kusini, zilizotengenezwa kwa kukusanya nyayo za magari ya wasafiri waliotangulia. Kazi nzuri sana hiyo, lakini ramani ya nyayo huonyesha palipokanyagwa tu, na delta ya Tana wasafiri hawa hawaikanyagi. Kwa miaka mingi serikali ya Uingereza imewashauri raia wake wasiende sehemu za kaunti ya Tana River zilizo kaskazini ya mto, wala ukanda wa kilomita 15 kutoka baharini kati ya Tana na Sabaki. Kampuni za bima husoma ushauri huo kama sheria. Nilipomweleza Mjomba kwamba mpaka wa hofu umechorwa juu ya mto wenyewe, aliuliza, "Kwa hivyo mzungu akivuka daraja la Garsen, bima yake hubaki ng'ambo ikimngoja?"

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Mji wa Mpeketoni, upande wa Lamu, ulishambuliwa Juni 2014, na kabla ya hapo, mwaka 2012, Wapokomo na Waorma wa delta waliuana hadi idadi ya waliokufa ikapita 100. Nitarudi kwa jambo hilo, kwa sababu limo kwenye ramani, ingawa halikuandikwa.

Nilichukua ramani za aina mbili. Ya kwanza ni karatasi za serikali za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo sentimita mbili ni kilomita moja. Zilipigwa chapa zamani na picha zake za angani ni za zamani zaidi, lakini zina mistari ya mwinuko na alama za mahali panapofurika. Ya pili ilikuwa simuni, programu inayofanya kazi bila mtandao na kutumia data za OpenStreetMap, ramani ya kujitolea iliyoanzia Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha.

Kutoka Malindi barabara ni ile B8 ya siku zote. Unavuka daraja la Sabaki, maji rangi ya chai ya maziwa, unaiacha Mambrui kuliani, unapita Gongoni na Marereni kwenye marundo ya chumvi yanayong'aa hadi macho yauma. Baada ya hapo nchi inafunguka na nyumba zinapungua. Kusema kweli kipande hiki hakihitaji ramani. Kinahitaji dereva asiyesinzia.

Tulikata Tarasaa kwenda Ngao, mahali ambapo wamisheni wa Kijerumani walijenga katika miaka ya 1880. Karatasi ilikuwa imenionyesha mto ukipita kwa kujipinda chini ya kijiji kimoja karibu na hapo. Tulipofika tulikuta mahindi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alituita, akataka kujua tunatafuta nini. Nikaitandaza karatasi juu ya boneti na kuikandamiza kwa mawe pembeni, maana upepo ulikuwa unaitaka. Hakuhangaika na majina kwanza. Alikifuata kile kistari cha buluu kwa ukucha, pole pole, akakizungusha, akasimama.

"Hapa ndipo nilipozaliwa, mwanangu. Kijiji kilihama."

"Kilihamia wapi, mzee?"

"Kilihama na mto. Kisha mto ukahama peke yake."

Akanionyesha kwa kidevu mstari wa miembe mikubwa ng'ambo ya mahindi, imepangika kwa kujipinda kama ilivyojipinda buluu ya karatasini. Wapokomo hupanda miembe ukingoni mwa maji. Mto ukiondoka, miembe haiondoki. Tangu hapo nilianza kuisoma nchi hiyo kwa miembe: ukiiona imejipanga katikati ya shamba kavu, umesimama kwenye mto wa jana, na mto wa jana katika delta ni pahali pabaya pa kuegesha, maana maji mengi yakija huikumbuka njia.

Katika kuhama huku wakati mwingine watu waliusaidia mto. Katika karne ya 19, wakati masultani wa Witu walipokuwa na nguvu upande huu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, mitumbwi ipite na mazao hadi Kau na baharini. Mfereji wa mitumbwi. Baadaye Tana wenyewe ukaingia humo, ukaupanua, ukaufanya njia yake kuu, na ndiyo sababu leo unamwagikia Kipini. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, pamoja na Dakta Fischer, waliupanda mto huu mwaka 1878. Nahodha ambaye angeshika ramani ya enzi zao leo na kutafuta mdomo wa Tana angeukosa, kwa sababu ulikuwa mbali kusini-magharibi. Sioni haja ya kumcheka aliyeichora. Alichora alichokiona, hakuandika tu kwamba hapa vitu vinakwenda.

Minjila tulijaza mafuta, kwa sababu Mjomba haamini kituo cha mbele mpaka akione. Kwenye kizuizi polisi alichungulia ndani, akakiona kitanda, akauliza kama tunauza magodoro. Alipoelewa alikunja uso kidogo. "Mlale mjini," alisema. "Au mlale kwa watu. Msilale njiani." Ni ushauri ambao ningeuandika juu kabisa ya kitabu chochote cha mwongozo wa njia hii, na sikuwahi kuukuta katika kimojawapo.

Garsen tuliingia jua likiwa limelainika. Mji mdogo, wenye kelele za boda na harufu ya samaki wa kukaanga, mbuzi wakijua zamu yao ya kuvuka lami kuliko madereva. Nikaitoa simu. Ilinionyesha kitu kizuri mno: njia inayoiacha barabara, inapita vichakani, inashuka hadi ukingoni mwa mto na kuishia hapo kwenye uwazi mpana. Ukiitazama picha ya setelaiti unaona weupe wa udongo uliokanyagwa sana. Maji yapo, uwazi upo, kivuli kipo, njia ya gari ipo. Nilimwonyesha kijana wa boda nikamuuliza kama Hiace itafika.

Aliiangalia, akaikuza kwa vidole viwili, akanirudishia. "Itafika. Lakini hii si barabara, ni malka."

Malka ni pale mifugo inaposhuka kunywa maji. Waorma wana ng'ombe huko nje, mbali na mto, na kiangazi kikibana ng'ombe lazima waufikie mto. Lakini kandokando yote ya mto ni mashamba ya Wapokomo. Katikati ya mashamba huachwa vichochoro, na vichochoro hivyo ndivyo malka. Kikizibwa kimoja kwa mahindi, au ng'ombe wakitoka nje ya kimoja wakaingia shambani, ndipo ugomvi unapoanza, na mauaji ya 2012 yalikuwa na mizizi yake humo. Mtu aliyekaa Ulaya au Nairobi, akichora kwa kuangalia setelaiti, aliona alama nyeupe iliyonyooka akaiandika kuwa njia ya magari. Haikosi ukweli: ni njia. Ila wenyewe wana kwato, na sisi tulikuwa tunakaribia kuegesha chumba cha kulala mlangoni mwao.

"Kesho alfajiri mngeamshwa na ng'ombe mia," alisema kijana yule. "Na usiku na kiboko."

Hapo Mjomba akaichukua kazi ya mshika ramani. Alishuka, akaenda kwenye kibanda cha mama anayeuza mahamri na chai, akaagiza, akakaa. Hakuuliza pa kulala. Aliuliza, "Mama, yale mafuriko ya juzi, watu wa huku mlihamia wapi?"

Mama yule aliweka birika chini. Akaanza kutaja: shule ile, msikiti ule, kando ya barabara kuu pale ilipoinuliwa; shule nyingine ile, hapana, ile nayo iliingia maji, watu wakahama mara ya pili. Alikuwa anasema za Novemba 2023 na za Aprili na Mei 2024, lakini alichanganya na za El Niño ya 1997, na mteja mmoja wa makamo akaongezea za 1961 alizosimuliwa na babake. Nikaifungua karatasi pajani na kuanza kutia alama kwa kalamu. Kila walipopataja kuwa pakavu, alama za mafuriko za karatasini zilikuwa zimeishia, ardhi ikiinuka kidogo tu, kitu ambacho jicho halikioni ukiwa umesimama pale. Ramani ya zamani, ambayo ilikuwa imeniangusha kuhusu mto, ilikuwa sahihi kuhusu vilima. Mto huhama, tuta la udongo hubaki.

Na hilo swali la Mjomba lina sababu nyingine ya kulifanya liwe bora. Mvua inayoizamisha Garsen mara nyingi hainyeshi Garsen. Hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, hujaza mabwawa ya juu, na bwawa la Masinga likifurika maji hushuka kwa siku kadhaa kupitia Garissa na Hola, na huku chini yanafika jua likiwaka. Programu ya hali ya hewa itakuambia kesho ni kweupe, na itakuwa imesema kweli. Kwa msafiri wa kulala garini upande huu, redio inayotangaza habari za Masinga ni chombo cha njia zaidi kuliko simu yote iliyojaa ramani.

Tulikwenda kwa mzee wa kijiji, tukajitambulisha, tukaruhusiwa kulala uwanjani mwa shule iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya mama. Ukutani kulikuwa na mstari wa matope uliokauka, usawa wa goti, lakini ukuta huo ulikuwa wa vyoo vilivyo bondeni. Madarasa yalikuwa safi. Mlinzi alituletea kiti. Mbu nisiwasimulie.

Asubuhi tulivuka daraja. Kabla halijajengwa magari yalivushwa kwa pantoni, na Mjomba aliikumbuka ile foleni ya malori na wali uliopikwa hapo hapo ukingoni kwa sababu zamu haikujulikana ni ya leo au kesho. Sasa ni dakika moja. Lami inaendelea hadi Witu na Mokowe, ikipita Gamba, ambako mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara na Lamu ikabaki bila njia ya nchi kavu. Ilipokatika pote nilipatia alama. Njia nzima nilihesabu miembe.

Nyumbani niliingia OpenStreetMap nikabadilisha ile njia ya ukingoni: nikaiondoa kwenye barabara za magari, nikaiandika njia ya mifugo, na shule nikaiwekea jina lake. Haukupita muda, mtu nisiyemjua akarudi juu ya kazi yangu. Hakuifuta. Aliongeza kwamba ng'ombe huipita wakati wa kiangazi, na kwamba masika kipande cha chini hakipo.