Siku zetu za kwanza Kampala

Mwezi huu kuna wasichana wa mtaa wetu wanaojitayarisha kwenda kufanya staje Uganda, na mama zao wametuuliza: huko kukoje? Sisi tulienda zamani kidogo, wasichana watatu wa kitengo cha Kiingereza, kabla ya kupata diploma yetu ya ualimu. Tutawasimulia siku za kwanza tu, kwa sababu ndizo zilizotulemea.

Tulitoka Bunia alfajiri, tumevaa makoti kwa ajili ya baridi. Tukapita Bogoro, tukateremka ule mteremko mrefu mpaka Kasenyi, na huko joto la ziwa likatuvua makoti yote. Mtumbwi wa mota ulituvusha Ziwa Albert mpaka Ntoroko. Tulipogeuka nyuma, milima ya kwetu ilikuwa imesimama kama ukuta wa buluu, na hakuna aliyesema neno. Upande wa pili, afisa alitazama kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano kabla ya kutazama sura zetu. Tulilala Fort Portal, penye mashamba ya chai, na kesho yake tukapanda basi la Kampala, karibu kilomita 300. Kule magari hupita upande wa kushoto. Kila tulipokutana na lori tulifumba macho.

Kampala ni mji wa vilima, na juu ya kila kilima kuna watu. Tulipofika tuliambiwa tupande teksi. Tukakataa, tukijua teksi ni gari la wenye pesa, tukatembea na mizigo kichwani mpaka shingo zikauma. Kumbe kule wanaita teksi kile kibasi cha abiria 14, na nauli yake tungeiweza.

Siku ya kwanza ya staje tulifika shuleni saa moja na nusu, tumepiga pasi nguo zetu, tukijisifu kwamba tumewahi. Mkuu wa shule akatuonyesha saa ya ukutani: saa mbili na nusu. Uganda iko mbele ya Bunia kwa saa moja, na sisi hatukubadilisha saa za simu. Watoto walikuwa wamemaliza somo la kwanza. Tuliomba radhi kwa Kiingereza cha vitabuni, na tukajua siku ile kwamba Kiingereza tulichopata ubaoni na kile kinachosemwa haraka na watoto sitini si ndugu wa karibu.

Kiswahili nacho hakikutusaidia kama tulivyofikiri. Sokoni tulisalimia kwa Kiswahili, na mama mmoja akarudi nyuma kidogo. Baadaye mwenye nyumba alitueleza: watu wa umri wake walikisikia kwanza midomoni mwa waaskari, tena mara nyingi kwa ubaya. Siku hizi mambo yanabadilika. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka ule ule serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini wakati wetu tulijifunza kwanza kusema «nyabo» kwa mwanamke na «ssebo» kwa mwanaume, na nyuso zikafunguka.

Taabu kubwa ilikuwa nyumba. Tulikuwa tumehesabu kodi ya mwezi mmoja. Tukaombwa ya miezi mitatu kwa mara moja. Tulilipa, na pesa ya chakula ikaishia hapo. Kwa siku nyingi tulikula mara moja, jioni, ugali wanaouita posho na maharagwe. Hata simu hatukuweza kuchaji, kwa sababu matundu ya umeme ya kule ni ya vyuma vitatu vya bapa, na vichwa vya chaja zetu vilikuwa vya duara.

Tulipopata kichwa cha kuunganisha, tulipiga simu nyumbani. Kila mmoja alimwambia mama yake maneno yale yale: tumefika salama, tunakula vizuri, msiwe na wasiwasi. Mwenzetu mmoja alikuwa amemwacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa mama yake. Naye akajibiwa: mtoto yuko vizuri, anacheza.

Siku ya tisa ilipita mlangoni kwetu mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge nyumba kwa nyumba. Alisikia tunaongea, akatua mzigo. Alitazama sufuria yetu, akauliza, «Wanangu, nyumbani wanajua?» Tukanyamaza. Jioni alirudi na sombe, ile ambayo mwenye nyumba wetu alisema ni chakula cha mbuzi. Tulipokuwa tunakula akatuambia tupige simu mbele yake na tuseme kweli.

Mwenzetu alianza. «Mama, tunalala na njaa.» Kukawa kimya. Kisha mama yake akalia, akasema kwamba mtoto alikuwa hospitali siku nne kwa malaria, ametoka jana. Wote wawili walikuwa wamefichana kwa upendo, na kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wake peke yake.

Asubuhi yake mama wa vitenge alitupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikishwe, jambo ambalo hakuna aliyetuambia kwamba ni la kwanza kabisa. Wazazi wetu walichanga kidogo kidogo wakatuma pesa. Mwenzetu alirudi Bunia juma lile lile kwa mtoto wake. Alimaliza staje hapa hapa mwaka uliofuata, na leo anafundisha kama sisi. Tuliobaki tulimaliza miezi yetu, lakini hatujawahi kumwona kama aliyeshindwa.

Basi, wamama, mbali na nguo na daftari, wapeni binti zenu pesa ya nyumba ya miezi mitatu, kadi ya chanjo, na kichwa cha kuunganisha chaja. Waambieni wasogeze saa mbele wakivuka ziwa, na wajiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa siku ile ile ya kufika. Kabla hawajatoka, patana nao hivi: tukipigiana simu, tutaambiana kweli. Akikuambia «tunakula vizuri», muulize amekula nini, na saa ngapi. Na akikuuliza habari za nyumbani, nawe usimfiche.