Alipost Funguo za Gari Jipya, Akaficha Kwamba Halivuti

Mjini hapa gari la kwanza halinunuliwi na mtu mmoja. Linanunuliwa na mwenye hela, na kikoba chake, na kaka aliyeongezea kidogo, halafu linapongezwa na mamia ya watu ambao hawakutoa hata shilingi. Ndiyo maana likianza kusumbua, mwenye gari anaona kama amewaangusha wote.

Kuna dada mmoja wa Dar, anauza nguo mtandaoni, yamemkuta hayo. Alinunua kigari cha mtumba kutoka Japani, namba E, kisafi ndani na nje. Akapost funguo na utepe, akaandika "Mungu ni mwema". Wiki ya pili, akipandisha Kimara, gari likagoma kuchanganya. Anakanyaga mafuta, injini inalalamika, spidi iko palepale 40. Daladala nyuma honi tupu. Akasogea pembeni, akazima, akawasha, likawa poa. Akajipa moyo kuwa ni joto la foleni tu.

Wapi! Tatizo likawa la kuja na kuondoka. Asubuhi gari linapaa, mchana likishapata moto linakosa nguvu. Fundi wa kwanza akasema plagi. Zikabadilishwa, likatulia siku nne. Wa pili akasema koili. Ikanunuliwa, likatulia wiki. Wa tatu akasema gia boksi imechoka, andaa milioni na nusu. Kila mmoja alisikiliza mlio, akatikisa kichwa, akataja kifaa. Hakuna aliyepima. Muuzaji alipopigiwa simu, jibu lilikuwa jepesi: "Dada, sisi tulikukabidhi likiwaka."

Hapo angeweza kuwaambia watu wake. Hakusema. Mashoga wakiuliza gari liko wapi, "liko sevisi". Kaka akitaka kuliazima, "mafuta hakuna". Aliogopa maneno mawili tu: si tulikwambia, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Akaendelea kuliendesha huku akikwepa njia zenye vilima.

Siku ikafika ya kumpeleka mama yake Morogoro. Walipopita Mlandizi akatoka kuovateki lori. Alipofika ubavuni mwake, nguvu zikakata. Lori kushoto, basi linakuja mbele, mguu umekanyaga hadi mwisho, na gari linajikokota kama limebeba nyumba. Dereva wa lori ndiye aliyewaokoa: alikanyaga breki, akawaachia nafasi, wakarudi upande wao. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, hili gari linakusumbua tangu lini?"

"Mwezi wa pili sasa, mama."

Jioni hiyo kaka mtu akajua yote. Hakugomba. Kesho yake akampeleka kwa fundi ambaye anapima kwanza. Mashine ikasoma msimbo P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Msimbo peke yake haukutaji kifaa kilichokufa. Inaweza kuwa bomba la hewa linavuja, sensa ya hewa ni chafu, au mafuta hayafiki ya kutosha. Fundi akakagua mabomba, akasafisha sensa, kisha akafunga geji ya presha ya mafuta na kulizungusha gari hadi likapata moto. Kila alipokanyaga, presha ilishuka. Pampu ya mafuta ilikuwa imechoka na filta yake ndani ya tangi imeziba kwa uchafu. Gari likiwa la baridi, kwenye tambarare, mafuta yalitosha. Likipata moto na kuhitaji nguvu, yakapungua. Na kwa kuwa tatizo lilikuja na kuondoka lenyewe, kila spea mpya ilipewa sifa isiyo yake.

Tangi likashushwa, likaoshwa, pampu na filta vikawekwa vipya. Gharama haikufika hata nusu ya ile gia boksi, ambayo kumbe ilikuwa nzima.

Hela ya plagi na koili ndiyo hiyo imekwenda, na muuzaji siku hizi hapokei simu. Hasara hiyo inauma ila inahesabika. Ya Mlandizi isingehesabika.

Kwa hiyo gari likianza kukosa nguvu, usiliingize barabara kuu. Andika linakata lini: likiwa la moto au la baridi, mlimani au tambarare, tangi limejaa au limebaki chini. Mpe fundi maelezo hayo, na umwombe akuonyeshe kipimo kabla hujatoa hela ya spea. Halafu mwambie na mtu wa nyumbani, mapema, kabla hajakaa siti ya pembeni yako.