Kitambo ni Muda Gani?

Katika kazi yetu ya kufundisha Kiingereza na Kiswahili, hapana somo lililotuonyesha udogo wa maarifa yetu kama somo la maneno ya muda. Siku moja, katika darasa la kidato cha pili hapa Kasese, magharibi ya Uganda, tuliandika ubaoni maneno manne ya Kiingereza: 'term', 'age', 'era' na 'epoch'. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, yote haya si wakati tu?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu kamusi ndogo iliyokuwa mezani petu ilisema karibu vile vile alivyosema yeye.

Tukaanza na neno lililo karibu na mwanafunzi. 'Term' ya shule twaiita muhula, na muda wa Rais kukaa madarakani nao ni 'term', nao ni muhula. Maneno haya mawili hufanya kazi moja, lakini hayakuzaliwa nyumba moja. 'Term' asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mpaka. Muhula umetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni nafasi apewayo mtu kabla ya kudaiwa. Mmoja autazama ukuta. Wa pili aitazama nafasi iliyobaki kabla ya kuufikia ukuta. Hata hivyo, yote mawili yana mwisho unaojulikana, na kwa hiyo hatusemi "muhula wa ujana", maana hapana ajuaye tarehe ya ujana kufungwa.

Maneno matatu yaliyobaki yana mambo yao. 'Age' ni umri kwanza. Likipelekwa katika historia, huutazama wakati kama kitu chenye sura yake, kama tusemavyo zama za mawe au zama za chuma. 'Era' hupenda kuhesabiwa tangu jambo fulani, kama miaka ya Hijra ihesabiwavyo tangu mwaka 622. 'Epoch', neno la Kiyunani, hapo awali lilikuwa ni ile nukta yenyewe ambapo hesabu yaanzia, kisha likaenea hata likashika muda unaofuata. Katika mazungumzo ya kila siku Waingereza wenyewe huyachanganya. Lakini wataalamu wa miamba wameyapanga kwa cheo: 'era' ni kubwa kuliko 'period', 'period' ni kubwa kuliko 'epoch', na 'epoch' ni kubwa kuliko 'age'. Kikundi cha wataalamu kilichoundwa mwaka 2009 kilifanya kazi miaka mingi, kikapendekeza kwamba 'epoch' ya sasa, Holosini, iliyoanza yapata miaka 11,700 iliyopita, ihesabiwe kuwa imekwisha, na kwamba nyingine ya binadamu imeanza. Machi 2024 wenye mamlaka ya jambo hilo wakakataa. Si kwamba walikana madhara ya binadamu katika dunia. Ubishi ulikuwa juu ya cheo cha muda.

Mwalimu wa Kiswahili naye ana mitego yake nyumbani. Enzi ni neno la ukuu na utawala. Ndiyo maana twasema kiti cha enzi. Kwa hiyo "enzi za ukoloni" ni maneno yaliyokaa mahali pake, lakini atakayesema "enzi ya mawe" ajue kwamba ameyaketisha mawe katika kiti. Tazameni pia mwongo. Leo shuleni mwongo ni miaka kumi. Lakini mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi kwa makumi, na kila siku kumi zikaitwa mwongo. Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo waliosomea Kifaransa watatuelewa upesi, kwani wao hufundishwa kutenga 'décade', yaani siku kumi, na 'décennie', yaani miaka kumi, hali Mwingereza husema 'decade' akikusudia miaka. Atakayekuta miongo katika maandishi ya kale ya mabaharia, asipotahadhari, aweza kuigeuza safari ya mwezi mmoja kuwa safari ya miaka thelathini.

Hayo yote twaweza kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini liko neno moja ambalo hatukuweza kulisahihisha, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Miaka michache iliyopita, mzee mmoja jirani yetu, mwenye asili ya Beni, alilazwa hospitali. Nyumbani kwake walisema Kiswahili, na daktari alisema Kiingereza. Basi tukaitwa sisi tukalimani. Daktari akatuambia nje ya mlango kwamba mzee amebakiwa na 'a short while'. Mwanawe mkubwa alikuwa dereva wa lori, na siku ile alikuwa Nakuru, akielekea Mombasa kupakia. Tukampigia simu. Akauliza, "Mwalimu, daktari asemaje?" Tukajibu, "Asema mzee bado ana kitambo."

Vitabu tulivyosomea sisi vilitufunza kwamba kitambo ni muda usio mrefu, na tuliona kwamba ule ufupi umo tayari ndani ya neno. Lakini dereva yule Kiswahili chake alikipata Nairobi na barabarani, na huko kitambo ni muda mrefu. Mtu husema "ni kitambo hatujaonana" akikusudia miaka. Akashukuru Mungu, akaendelea na safari yake. Mzee alifariki siku ya nne, akazikwa siku ya tano. Mwanawe alifika siku ya tisa.

Alikuja kwetu jioni, akaketi. Tulimpa pole. Akanyamaza, kisha akasema bila hasira, "Mwalimu, mimi kitambo nakijua ni muda mrefu. Ungeniambia ni siku, ningeliacha lori Nakuru nikapanda basi." Tukamwambia kwamba kosa ni letu. Akasema, "Najua hukukusudia." Tukanywa chai, tukamsindikiza hadi njia panda.

Tangu hapo tumejiuliza mara nyingi kosa lile lilikuwa nini hasa. Kusema kwamba Kiswahili cha vitabu na Kiswahili cha njiani vilikosana ni kweli, lakini si kweli yote. Kiingereza cha daktari kilikuwa na neno la pili, 'short', nasi tulilidondosha. Na tukijisaili vizuri, twaona kwamba tulilidondosha kwa sababu tulitaka kulidondosha. Kumwambia mtu aliye mbali na nyumbani kwamba baba yake ana siku chache ni kazi nzito. Kitambo kilikuwa neno laini, lisilo na mwanzo wala mwisho, nasi tukajificha ndani yake. Tena hatukumwuliza daktari swali ambalo hata mtoto angeuliza: "Siku ngapi?"

Basi siku hizi, tukifundisha maneno haya, hatuwapi wanafunzi orodha ya neno kwa neno. Twawataka wamwulize kila neno maswali matatu. Je, lina mwisho unaojulikana, kama muhula, au halina, kama kitambo? Je, laanza kuhesabiwa wapi, na nani ahesabuye? Na je, ikiwa jambo ni la uzito, yafaa tulitumie neno hili, au tuliache tuseme idadi? Yule aliyeuliza kama yote si wakati tu, leo ni mwalimu wa Kiswahili. Tulimsimulia habari ya dereva alipokuja kututembelea. Akatuambia kwamba yeye naye hutumia neno kitambo darasani, na kwamba hakuwahi kuwauliza wanafunzi wake wao walielewaje.

Ndugu walimu, tunaandika kutoka nchi mbalimbali, na Kiswahili chetu kimepita njia nyingi kabla ya kutufikia. Twaomba kila mmoja wetu afanye jambo moja dogo: aandike ubaoni neno kitambo, kisha awatake wanafunzi waandike kimya kimya ni dakika ngapi, siku ngapi, au miaka mingapi. Majibu na yasomwe kwa sauti. Sisi tulipofanya hivyo, wanafunzi thelathini na wanane walitupa majibu kuanzia nusu saa hadi miaka ishirini, na wote walikuwa wameketi katika chumba kimoja.