Njia za Mbio Kando ya Bahari, Dar es Salaam

Mtu wa shamba afikapo Dar es Salaam na kuwaona watu wazima wakikimbia alfajiri kando ya bahari, huuliza, "Hawa wanafukuzwa na nani?" Swali hilo si la kijinga. Mtu aliyepalilia tangu macheo hana haja ya kukimbia ili mwili wake upate kazi. Walakini sisi waalimu wa mjini hushinda tukisimama mbele ya ubao, na jioni twakaa kitako kusahihisha madaftari. Mmoja wetu alipopimwa presha, daktari alimwambia waziwazi kwamba vidonge peke yake havitamtosha, sharti mwili wake utembezwe. Basi kwa ajili yake tulianza, waalimu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na sasa huu ni mwaka wa tano. Mchakamchaka twaufahamu tangu utoto wetu, lakini ule wa shule huzunguka uwanja. Huu wa bahari wahitaji njia, na njia ndizo tutakazo kuwasimulia.

Bandari ya Dar es Salaam imeingia ndani ya nchi kama mfuko wenye mdomo mwembamba, na nje ya mdomo huo pwani hugeuka kuelekea kaskazini, ikitazama mashariki. Kwa hiyo aanzaye mjini huanza penye maji yaliyotulia, na humaliza penye mawimbi.

Sisi huanzia Kivukoni, mbele ya kanisa la Kilutheri la Azania Front lililojengwa wakati wa Wajerumani. Bahari iko mkono wa kuume, jua lachomoza mbele yetu, na mitumbwi ya wavuvi yaingia na samaki wa usiku. Penye soko la samaki la Feri hatukimbii. Twatembea, tena kwa hadhari, maana chini pana maji na magamba, na wachukuzi wa matenga hawana nafasi ya kumpisha mtu ambaye mzigo wake ni jasho tu. Baada ya kupita upande wa Ikulu, barabara hufunguka. Hii ndiyo iliyoitwa Ocean Road, nayo ikapewa jina la Barack Obama mwaka 2013, Rais huyo wa Marekani alipofika nchini. Watu wengi wangali wakiiita kwa jina la zamani.

Hapo pana mivinje ya kale, na upepo ukipita ndani yake hutoa sauti kama ya mtu avutaye pumzi ndefu. Pana pia ukuta wa bahari uliojengwa miaka hii ya karibuni, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakiila kingo za barabara. Na upande wa kushoto ipo hospitali ya Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwaka 1897, ambapo leo watibiwa wagonjwa wa saratani kutoka kila pembe ya nchi. Alfajiri jamaa za wagonjwa huketi nje wakitazama maji. Vikundi vya mbio vya Jumamosi, wenye fulana za rangi moja, hupita mjini wakiimba na kupiga filimbi, nasi twavipenda. Lakini mahali hapa twaona yafaa mtu anyamaze, apunguze mwendo, na kuamkia.

Mbele yake, karibu na hospitali ya Aga Khan, laanza daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Urefu wake ni kama kilomita 1, nalo lapita juu ya maji penye mlango wa mto Msimbazi. Mkimbiaji akiwa katikati yake huona kushoto daraja la zamani la Selander na mikoko, na kuume bahari tupu. Wakati wa kusi upepo humsukuma mgongoni aendapo kaskazini, hata akajidhania kijana. Arudipo ndipo ajuapo umri wake. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka.

Daraja hili twalipenda kwa sababu nyingine. Wenzetu wanawake hawapendi kupita peke yao gizani mahali palipo kimya, na mwanzoni njia nyingi tulizozisifu sisi wanaume wao walizikataa. Darajani pana taa, pana njia ya miguu, pana watu. Mwanamume asemapo kwamba njia fulani ni nzuri, heri aulizwe kwanza kama binti yake aweza kuipita peke yake saa 11 alfajiri.

Ng'ambo ya daraja ni Oysterbay, na ufuko wake ambao watu wote huuita Coco Beach. Hapo hakuna lango wala kiingilio. Jumapili baada ya ibada watoto huletwa kwa daladala kutoka Manzese na Tandale waone mawimbi, na mihogo hukaangwa ikaliwa kwa pilipili na ndimu. Asubuhi mchanga ni mtupu, nasi huukimbia wote.

Lakini ukiendelea kaskazini katika rasi ya Msasani, bahari hupotea. Haikwenda mbali, twaisikia ikivuma, na chumvi yake twaionja midomoni, ila kati yetu na maji zimesimama kuta ndefu za nyumba na hoteli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Hatusemi kila ukuta umeivunja, maana nyumba nyingine zimeitangulia sheria yenyewe. Twasema tu kwamba kwa kukimbia tumeipima pwani hii kwa miguu yetu, na mahali ambapo mtu asiye na fedha aweza bado kuyagusa maji ni pachache kuliko tulivyodhani.

Ndiyo sababu siku za mapumziko twavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Ufuko wake ni mpana na mweupe. Siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maji hukupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, na mchanga uliobaki huwa mgumu kama sakafu. Yule mwenzetu mwenye presha hukimbia hapo kuliko sisi sote, na magoti hayamuumi.

Mwaka jana kipande hiki chote kilikuwa wazi. Sasa mahali pamoja pamepigwa uzio wa seng'enge ulioteremka hata alama ya maji ya kujaa. Mlinzi wake ni kijana mpole, hutuamkia "Shikamooni, waalimu," kisha huonyesha kwa mkono kwamba tusipite juu. Maji yakiwa yamekupwa twapita chini ya uzio, juu ya mchanga wenye unyevu. Yakiwa yamejaa twageuka papo hapo na kurudi pantonini. Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kupatana siku ya kuvuka, mmoja wetu hutoka nje usiku kuutazama mwezi.