Shule ikifungwa, tuwafundishe watoto kwa programu gani?



Wiki hii tunajibu swali ambalo wengi wenu mmetuuliza sokoni, kanisani na katika mikutano ya AVEC: wakati shule zilipofungwa, ninyi wa avenyu yenu mliwafundishaje watoto nyumbani, na mlifuata programu gani? Tunajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu hata leo wako wamama ambao watoto wao hawajarudi kalasini.

Fikirieni mtoto wa Bukavu aliyeingia kalasi ya kwanza Septemba 2019, mwaka uleule serikali ilipoanza kutekeleza shule ya msingi bila malipo. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona. Baadaye zikaja wiki za mgomo wa walimu, na hatuwalaumu, maana mwalimu asiyelipwa naye ana watoto wa kulisha. Februari 2025, mtoto huyo akiwa kalasi ya sita, mwaka wa mtihani wa ENAFEP ambao wengi wetu bado tunauita TENAFEP, vita vikaingia mjini na milango ya shule ikafungwa tena. Kila mara tuliambiwa tungoje. Mtu mzima anaweza kungoja. Mtoto wa kalasi ya pili aliyeanza tu kuunganisha herufi anasahau, na binti wa miaka 13 akikaa nyumbani miezi mitatu, watu wanaanza kumhesabu kuwa mtu wa kazi: abebe bidoni, alee wadogo, auze makala, mwisho watasema aolewe. Hilo ndilo lililotuamsha.

Sisi ni wamama tisa wa avenyu moja ya Kadutu, wenye watoto 23 wa umri wa shule. Wawili kati yetu wana diploma ya serikali, wanne waliishia kalasi ya sita au mwanzoni mwa sekondari, na watatu hawakukaa kwenye benchi la shule hata siku moja. Jambo la kwanza tulilobishania lilikuwa programu. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Kifungu hichohicho kinasema kwamba shule ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni bure. Kwa hiyo mama akishika chaki nyumbani haibi kazi ya mtu. Lakini achague nini?

Mwenzetu mmoja ana dada Ufaransa. Dada yake alitaka kuwaandikisha watoto wawili katika CNED, shule ya serikali ya Ufaransa inayofundisha kwa mbali. Ilikuwa sadaka kubwa, na tuliyapima mambo yake vizuri. Masomo hayo yanalipwa kwa euro, yanataka intaneti na umeme ambao kwetu huja na kwenda. Tena yametungwa kwa mtoto wa Ufaransa. Tazameni kuhesabu tu: mtoto wetu husema septante na nonante, kama tulivyorithi kwa Wabelgiji. Mtoto wa Ufaransa husema soixante-dix na quatre-vingt-dix, yaani sitini na kumi, na ishirini mara nne na kumi. Mtoto anayehangaika na hesabu ukimwongezea fumbo hilo, unamzidishia mzigo. Tulimshukuru dada yule, tukamwomba fedha hiyo inunue makaye na biki za watoto wote. Alikubali.

Wengine walisema: ng'ambo ya Ruzizi kuna vitabu vizuri. Ni kweli. Ila Rwanda ilichukua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 2008, na Uganda shule ya msingi ni miaka 7 na mtihani wake ni wa Kiingereza. Familia inayojua kwamba itahamia huko ina sababu ya kushika njia hiyo. Vitabu vya Tanzania vinafika kwa njia ya Kigoma na Uvira, na vimeandikwa kwa Kiswahili. Vitatu vya kusoma na viwili vya hesabu tulivipata, tukavitumia sana. Watoto walicheka kusoma "daftari" badala ya kaye na "darasa" badala ya kalasi, na wakiwa wanacheka walikuwa wanasoma. Tulivichukua viwe vya kusaidia tu.

Kilichotukata shauri ni swali la mama mmoja asiyejua kusoma. Alisikiliza ubishi wote, kisha akauliza: "Vita vikipoa, huyu mtoto atarudi kwa mlango gani?" Tukanyamaza. Watoto wetu wangerudi katika shule ya jirani, kalasi ileile, kwa mwalimu yuleyule anayefuata programu ya taifa. Wakubwa wangekaa mbele ya ENAFEP, yenye Kifaransa, hesabu na elimu ya jumla. Basi programu ya nyumbani ilikuwa ile ya mlango watakaorudia. Tuliazima vitabu na makaye ya zamani kwa watoto waliotangulia, na mwalimu mmoja wa mtaa akatuandikia katika ukurasa mmoja yale ambayo kila kalasi inapaswa kuyajua kabla ya mwaka kwisha. Ukurasa ule ndio uliotuongoza.

Watoto waliokwisha kupitwa na umri wana njia nyingine. Vituo vya masomo ya kufidia, vinavyojulikana kwa jina la CRS, vinapanga miaka sita ya shule ya msingi katika ngazi tatu, na kila ngazi ni kalasi mbili kwa mwaka mmoja. Mwisho wake ni mtihani uleule wa taifa. Kati ya watoto wetu 23 tulikuwa na binti mmoja wa miaka 13 aliyewahi kufika kalasi ya nne, kisha akaacha miaka miwili. Kumrudisha kati ya watoto wa miaka 10 kulimtia haya. Tulimpangia masomo ya ngazi ya tatu tangu siku ya kwanza.

Ubishi wa pili ulikuwa wa lugha. Programu ya taifa inataka mtoto wa kalasi ya kwanza na ya pili afundishwe kwa lugha ya taifa ya eneo lake, kwetu Kiswahili, huku Kifaransa kikiingia polepole. Lakini shule nyingi za mjini zinaanza na Kifaransa tangu asubuhi ya kwanza, na wazazi wengi tunafurahia hivyo. Mwenzetu mmoja alikataa kabisa: "Kiswahili mtoto anakijua, na Mashi anaisikia kwa bibi yake. Ninachotafuta ni Kifaransa." Tulimwelewa, maana Kifaransa ndicho kinachofungua ofisi. Mwalimu wa mtaa hakubishana naye. Aliandika ubaoni neno "maji", akamwomba kijana wa miaka 7 alisome. Ma, ji. Mtoto akaruka kwa furaha. Kisha akaandika "eau". Herufi tatu, sauti moja, na hakuna hata moja ya herufi hizo inayosikika kama ilivyoandikwa. Kiswahili huandikwa kama kinavyosikika. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, amepata ufunguo wa kila neno la nyumbani kwao. Akikwisha kujua kwamba herufi zinasema kitu, anaweza kuvumilia fujo za Kifaransa. Basi tukapatana: wadogo wasome kwa Kiswahili na waongee Kifaransa kwa mdomo kila siku, kwa salamu, nyimbo na majina ya vitu vya jikoni. Wakubwa wasome na kuandika kwa Kifaransa, lakini hesabu ngumu waelezwe kwa Kiswahili kwanza.

Sasa tuseme juu ya taabu, maana kuchagua programu ni jambo la siku mbili, na kuifuata ni la kila asubuhi.

Taabu ya kwanza ni muda. Mama anayeuza sambaza anatoka alfajiri. Hawezi kuwa mwalimu wa saa tano, na hata mtoto hawezi. Tulijipa saa mbili tu kwa siku, siku tano kwa wiki: kusoma, hesabu, kuandika, basi. Kila mama alikuwa na siku yake, na kila mmoja alitoa franga 1.000 kwa wiki kwa chaki na makaye. Watoto tuliwagawa kwa kile wanachojua, si kwa umri, wakawa makundi matatu. Wakubwa waliwasikiliza wadogo wakisoma, na tuliona kwamba anayemfundisha mdogo wake hasahau.

Taabu ya pili ni kwamba mtoto hamwoni mama yake kuwa mwalimu. Shuleni anakaa kimya. Nyumbani analia, anaomba chakula, anakimbilia mpira. Tulibadilishana watoto. Wako kwangu, wangu kwako. Machozi yakapungua upesi, na hasira zetu pia.

Taabu ya tatu ni mama asiyejua kusoma, anayefikiri hana la kutoa. Wale wenzetu watatu walifanya kazi kubwa. Walimwambia mtoto: soma kwa sauti, kisha nieleze ulichosoma. Mtoto asiyeelewa hawezi kueleza, na mama anajua mara moja bila kuangalia kitabu. Nao ndio waliofundisha hesabu ya soko. Kopo la sambaza ni franga 2.500, mteja amechukua matatu na kutoa 10.000, tumrudishie ngapi? Watoto waliokuwa wakiogopa kutoa na kuzidisha walijibu kabla ya kumaliza kusikia swali.

Taabu ya nne ni hofu. Mtoto aliyesikia risasi usiku hawezi kukaa juu ya hesabu asubuhi kama kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizo tulianza na wimbo, tukawaacha wachore na kusema waliyoyaota, na hatukumpiga mtoto yeyote kwa sababu ya kutojua. Siku nyingine hatukufundisha chochote zaidi ya hadithi moja. Lakini saa ilikuwa ileile, na mkeka uleule, na hilo peke yake liliwatuliza. Sisi wenyewe pia lilitutuliza.

Taabu ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya mabinti. Wavulana walifika kwenye mkeka kwa wakati. Wasichana walichelewa, wakiwa na maji mikononi au mtoto mgongoni. Tulikubaliana kwa sauti, baba zao wakiwepo, kwamba katika zile saa mbili hakuna binti anayetumwa. Mwenye mtoto mgongoni aje naye. Yule wa miaka 13 alikuwa na mjomba aliyekwisha kutaja posa. Tulikwenda wamama watano kumwona, tukiwa na kaye lake. Tulimfungulia ukurasa wa Februari na ukurasa wa Aprili ili aone mwenyewe. Hakutupa jibu siku hiyo. Lakini hakutaja posa tena, na binti leo yuko CRS, ngazi ya tatu.

Kaye hilo linatuleta kwenye neno la mwisho. Tangu siku ya kwanza tuliandika tarehe juu ya kila somo na kutunza kila kaye. Watoto waliporudi, shule moja ilitaka kumrudisha mvulana wetu kalasi ya tatu bila kumsikiliza. Tulimpeleka kwa direkta wa shule nyingine na makaye manne mkononi. Aliyapitia, akampa imla na hesabu kumi, akamwandika kalasi ya nne. Mtoto asiye na buletini anahitaji ushahidi, na kaye lenye tarehe ni ushahidi.

Basi, mama mwenye watoto nyumbani leo, jiulize kwanza mtoto wako atarudi kwa mlango gani, ndipo utafute vitabu. Anza na lugha anayoielewa. Chagua machache, uyafanye kila siku. Na usibebe peke yako: tafuta wamama wawili au watatu wa karibu, hata kama hakuna mwenye diploma.

Jumamosi hii, kwenye mkutano wetu wa kawaida, tutaleta ule ukurasa wa mwalimu ili kila kikundi kinakili cha kwake. Mwenye kitabu cha kalasi ya tatu au ya tano kisichotumika nyumbani, aje nacho. Tunavihitaji.