Kukomboa Picha Wakati wa Mgao

Mwaka 2011 Dar es Salaam iliishi kwa kelele za jenereta. Mvua zilikosekana, maji yakapungua katika bwawa la Mtera, na umeme ukawa wa mgao. Sisi mafundi wa kompyuta Kariakoo tuliletewa kazi si na giza bali na dakika ile umeme unaporudi. Ulirudi kwa kishindo: taa zinang'aa kupita kiasi, zinafifia, zinang'aa tena, na kompyuta iliyosahauliwa kwenye swichi inapokea pigo lote. Kesho yake asubuhi mtu anashuka kwenye daladala amekumbatia mashine yake iliyofungwa kwa kanga.

Miaka ya nyuma mteja alikuwa akiuliza, "Fundi, itapona?" Sasa swali lilikuwa jingine: "Fundi, picha zangu zipo?" Enzi za filamu, picha ikipotea ulirudi studio na negativu yako, ukasafishiwa nyingine. Kamera za dijitali zilipoenea, albamu ya sebuleni ilihamia ndani ya diski, na mara nyingi diski hiyo ilikuwa moja tu.

Nilikuwa kwenye duka dogo jirani na Mtaa wa Aggrey, chini ya mzee aliyeanza ufundi kwa kutengeneza redio. Tulikuwa na mita, pasi ya kulehemu, bisibisi za nyota na kompyuta chakavu za kujaribia. Chumba chenye hewa iliyochujwa vumbi, kile ambacho mabingwa hufungulia diski, hatukuwa nacho. Kuituma diski nje ya nchi kulikuwa na gharama ambayo wateja wetu wasingeimudu. Kwa hiyo tulijifunza kufanya kile kinachowezekana bila kuifungua.

Mzee alitufundisha kwanza kusikiliza. Diski iliyo kimya kabisa huenda ina tatizo la umeme kwenye bodi yake ya nje, na hiyo ina matumaini. Inayozunguka vizuri lakini inasomeka kwa kusuasua, ina sehemu mbovu. Inayogonga, tak, tak, tak, huenda vichwa vyake vya kusomea vimeumia. Hiyo izimwe papo hapo. Ndani ya diski nyingi za mezani sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache, nafasi ambayo hata alama ya kidole haipiti. Kichwa kibovu kikiachwa kiendelee, hukwangua utando wa sumaku uliobeba picha zenyewe. Utando uliokwanguliwa hakuna fundi wa kuurudisha, awe wa Kariakoo au wa Ulaya.

Dawa za mitaani hazikukosekana. Iliyosifiwa kuliko zote ni kuilaza diski kwenye friza ndani ya mfuko wa nailoni, kwa imani kwamba chuma kikisinyaa kwa baridi kitaachia kilichonasa. Wapo walioapa kwamba diski zao ziliwaka. Mzee aliikataa kabisa, na sababu yake ilikuwa hewa ya Dar. Alikuwa akitoa chupa ya maji kwenye friji na kuiweka mezani mbele yetu, tuitazame inavyotokwa jasho. Diski ina kitundu cha kupumulia, alisema. Unyevu huo huo utaingia na kutua juu ya sahani.

Kazi iliyonifunza zaidi ililetwa na mpiga picha wa Temeke. Mashine yake haikuwaka kabisa. Ndani yake kulikuwa na picha za harusi ya familia moja, na baba wa bibi harusi alikuwa amefariki wiki chache baada ya sherehe. Kadi za kamera zilishafutwa ili zitumike kwenye harusi nyingine.

Tulichomoa diski, kompyuta ikawaka. Tukaichomeka tena, feni zikashtuka kidogo na kusimama.

"Imepiga shoti," mzee alisema. "Hiyo ni habari njema."

Alifungua skrubu za nyota, akaigeuza bodi, akanionyesha vidude viwili vyeusi karibu na mahali umeme unapoingia. Ni dayodi za kinga: moja ya njia ya volti 5, nyingine ya volti 12. Umeme ukizidi, dayodi huuelekeza chini ili usifike kwenye chipu. Ukizidi sana, yenyewe huungua na kubaki imeunganisha njia yake moja kwa moja na chini, na pawa saplai inagoma kuwaka. Mita ililia kwenye ile ya volti 12, kisha akageuza waya, ikalia tena. "Hii imeungua ili zilizobaki zisiungue," akasema, akaing'oa kwa pasi. Kwa kuwa kinga ilikuwa imeondoka, tulichukua pawa saplai tuliyoiamini. Diski ikazunguka.

Mpiga picha alisimama kwa furaha. "Ahsante mzee wangu, basi nirudishie kwenye mashine yangu nikaendelee na kazi."

"Hapana, mdogo wangu. Hii haitengenezwi. Tunachukua kilichomo, basi."

Ufundi wote niliojua hadi hapo ulikuwa wa kufanya kitu kifanye kazi tena. Huu ulidai kitu tofauti: diski haihitaji kupona, inahitaji kudumu hadi isomwe mara moja. Kila kuwasha kusiko na lazima, kila programu ya kuikagua na kuirekebisha, ni kutumia uhai usio na akiba.

Tukaanza kunakili, lakini ilipofika katikati diski ilianza kusuasua. Hapo tuliingia na CD ya Linux yenye ddrescue, programu ya Antonio Diaz Diaz, inayochota kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha ngumu hadi mwisho. Huandika kwenye faili lake ilipofikia. Umeme ukikatika, na ulikatika, kazi inaendelea pale pale. Tulinakili kila kitu kwenye diski nyingine iliyo nzima, tukaiweka mbovu kando, na kufanya mengine yote juu ya nakala.

Orodha ya mafaili ilikuwa imeharibika, tukatumia PhotoRec ya Christophe Grenier. Yenyewe haijali majina. Hutafuta alama ambazo kila picha huanza nazo. Picha zikarudi na namba badala ya majina, harusi zote zimechanganyika. Dada wa bibi harusi alikuja kukaa nasi kuzitenga. Katika picha moja uso wa baba yake ulikuwa mzima, na kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu, mahali ambapo diski haikusomeka. Aliomba tumsafishie hiyo pia.

Leo kompyuta nyingi zina diski za chipu, ambazo hazina mlio wa kusikilizwa, na faili lililofutwa humo kwa kawaida halirudi. Lakini diski za kuzunguka bado zinaletwa, na mimi nawauliza wenyewe yale aliyouliza mzee: kuna nakala nyingine? Umeiwasha mara ngapi tangu ilipoanza kusumbua? Jibu la swali la pili ndilo linaloamua nitaahidi nini.