Washa Balbu Kwanza, Draiva Itakuja

Kuna ushauri unazunguka kwenye vikundi vya wanafunzi wa kompyuta hapa Nairobi, na wasee, nimeuchoka. Mtu anauliza, "Nataka programu yangu iwashe rilei, nianzie wapi?" Dakika tano haziishi, mjuaji mmoja ameshajibu: andika draiva ya kerneli kwanza, hiyo ndiyo njia sahihi. Aliyeuliza anapotea. Ukimtafuta baada ya wiki mbili, anaunda tovuti ya duka la viatu. Si vibaya, tovuti zinalipa. Lakini huyu alitaka kushika mashine, na sisi tukamfukuza mlangoni.

Msimamo wangu ni huu: kama unajaribu wazo tu, acha kerneli kwanza. Shika maunzi moja kwa moja kutoka kwa programu ya kawaida, ile unaandika kwa C jioni moja, inakufa, unarekebisha, unaiendesha tena. Ukikosea ndani ya kerneli, mashine nzima inaanguka na wewe. Ukikosea kwenye programu ya kawaida, mara nyingi inayokufa ni hiyo programu peke yake. Kwa mtu ambaye bado anajifunza, hiyo tofauti ndiyo kila kitu.

Tuelewane lakini, ukuta kati ya programu na maunzi haukuwekwa na watu wabaya. Enzi za MS-DOS programu yoyote ilifikia chochote. Wasee walikuwa wanachomeka taa ndogo kwenye soketi ya printa, wanaandika namba moja kwa anwani 0x378, na taa nane zinawaka vile wanataka. Raha sana, ila hata programu mbovu ilikuwa na ruhusa hiyo hiyo. Ukoo wa Windows NT ukafunga huo mlango, na Linux nayo imeufunga, lakini Linux imeacha funguo mahali panapojulikana. Ukiwa root unaweza kuomba ruhusa ya anwani za aina ile kwa ioperm. Na kuna faili inaitwa /dev/mem, ambayo ni kumbukumbu ya mashine jinsi ilivyo. Unaifungua kama faili nyingine yoyote, unaita mmap, na kipande cha anwani za maunzi kinatokea ndani ya programu yako kama safu ya kawaida ya namba. Ukiandika hapo, umeandika kwenye chipu.

Hapo ndo watu huogopa, na ni sawa waogope kidogo. Ukiandika kwa anwani isiyo yako kupitia /dev/mem, unaweza kugandisha mashine yote. Ndiyo maana kerneli nyingi za siku hizi zinakuja zikiwa zimezuia sehemu kubwa ya hiyo faili, na zinakuachia anwani za vifaa tu.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu inanigusa. Shangazi yangu anafuga kuku wa kienyeji, na mwaka huu aliamua kujijengea mashine ya kuangua mayai. Sanduku la mbao, balbu ya kupasha joto, feni ndogo. Mayai ya kuku yanataka kama nyuzi 37.5 kwa siku 21, mchana na usiku. Trei mbili ni mayai 60, na kwake hiyo si hesabu ya mchezo, ni karo ya muhula ujao. Nilikuwa na Raspberry Pi ya zamani, tukanunua sensa ya DHT22 na rilei kule Luthuli. Fundi wa umeme akafunga upande wa volti 240, kwa sababu huko mimi sigusi.

Anti alikuwa na swali moja tu: "Hii kitu yako itajua kuzima balbu ikipita joto?" Sikuwa na jibu. Ndiyo nilikuwa natafuta, na nilitaka kulipata kabla yai hata moja halijaingia kwa sanduku.

Kwenye Raspberry Pi huhitaji hata /dev/mem kuwasha pini. Kuna /dev/gpiomem, inayokupa rejista za pini peke yake bila kuwa root. Hesabu yake ni tamu. Kila pini ina biti tatu za kuamua inafanya kazi gani, kwa hivyo rejista moja ya biti 32 inabeba pini kumi. Pini 17 iko kwenye rejista ya pili, ni ya saba humo ukihesabu kutoka sifuri, saba mara tatu ni 21. Weka 001 kuanzia biti ya 21 na pini imekuwa ya kutoa umeme. Kisha andika moja kwenye biti ya 17 ya rejista iliyo hatua 0x1C, inawaka. Andika hiyo hiyo kwa 0x28, inazima. Waliounda hiyo chipu walitenganisha kuwasha na kuzima ili usisumbue pini za jirani. Mimi nimesoma hiyo karatasi ya chipu nikicheka peke yangu kwa matatu. Miaka miwili ya kuambiwa kompyuta inafanya "pembejeo na utoaji", kumbe ni hii tu?

(Onyo dogo: anwani hubadilika. Pi ya kwanza ya 2012 iliweka vifaa vyake kuanzia 0x20000000, Pi 2 ikahamia 0x3F000000, Pi 4 ikaenda 0xFE000000. Pi 5 imehamishia pini kwenye chipu nyingine kabisa, RP1, na programu nyingi za zamani zikanyamaza. Ukiiba programu ya mtu, angalia ni ya Pi gani. Na pini ni za volti 3.3, usizilishe 5.)

Wajuaji wanapenda kusema kwamba programu ya kawaida haiwezi kusoma DHT22 vizuri. Wana pointi. Hiyo sensa huongea kwa waya mmoja, na kila biti hupimwa kwa muda: umeme ukikaa juu kama maikrosekunde 27 ni sifuri, ukikaa 70 ni moja. Linux inaweza kukunyang'anya prosesa katikati ya hesabu ikampa programu nyingine, na ukirudi biti kadhaa zimekupita. Inatokea kweli. Lakini sensa hutuma baiti tano, na ya tano ni jumla ya zile nne za kwanza. Jumla isipolingana unatupa hayo majibu, unangoja sekunde mbili, unasoma tena. Sanduku la mayai halibadilishi joto kwa sekunde mbili. Kwa kazi hii, draiva ingekuwa ni kununua lori ili ubebe kiberiti. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba DHT22 yenyewe inaweza kukosea kwa nusu nyuzi, na kwa mayai nusu nyuzi ni kitu. Kwa hivyo kuna kipimajoto cha kioo ndani, na Anti anakiamini kuliko mimi.

Turudi kwa swali lake. Sanduku likiwa tupu, tuliwasha balbu kupitia programu, halafu nikaiua programu makusudi kwa kill -9. Unajua kilichotokea? Hakuna. Balbu iliendelea kuwaka. Programu imekufa, kerneli imefagia kumbukumbu yake na faili zake zote, lakini rejista ya pini ilibaki vile nilivyoiacha. Kerneli haikujua hata nimeigusa, sasa ingesafisha nini? Tuliketi tukiangalia joto likipanda: 38, 39, 40. Anti akasema polepole, "Sasa hapo si ni mayai ya kuchemsha." Nikazima kwa ukuta.

Hiyo ndiyo bei ya kumpita kerneli, na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha hivyo. Ukishika chuma mwenyewe, kukisafisha pia ni juu yako, hata ukiwa umekufa.

Tukaongeza vitu viwili. Kwanza /dev/watchdog: programu inaandika humo kila sekunde chache kuonyesha iko hai, ikinyamaza Pi nzima inajiwasha upya, na pini zikianza upya hazitoi umeme, kwa hivyo rilei inaachia. Tukaua programu tena. Safari hii balbu ilizima kabla robo dakika haijaisha. Pili, fundi aliweka swichi ya joto ya kawaida, ile ya chuma inayojikunja, kwenye waya wa balbu. Hiyo haijui Linux ni nini. Ikipata moto kupita kiasi inakata, hata Pi ikiwa imeungua.

Mjuaji angeniambia haya yote ni kwa sababu sikuandika draiva. Buda, draiva yangu pia ingekuwa na makosa, na ningeyagundua baada ya mwezi badala ya Jumamosi moja. Na hii njia si ya watoto. UIO, ambayo inaruhusu sehemu kubwa ya draiva kuishi nje ya kerneli, iliingia Linux rasmi tangu 2007. DPDK inaendesha kadi za mtandao zenye kasi ya kutisha kutoka kwa programu za kawaida, na inafanya hivyo kwa kazi ya kweli, si majaribio. Huko hakuna anayeaibika.

Ningeenda kwa kerneli lini? Kama sensa ingehitaji jibu ndani ya maikrosekunde bila kukosa hata mara moja, au kama programu tatu zingegombania pini moja. Hilo la kugombania hata halihitaji draiva mpya, libgpiod inakupa pini kupitia kerneli yenyewe, na ukishaishika mwingine anakataliwa. Kwa rilei nimeshahamia huko, kwa sababu sasa najua programu itabaki vile ilivyo na sihitaji kasi ya mmap kuwasha balbu.

Mayai yaliingia Jumapili iliyopita, trei moja kwanza. Anti amekataa kuweka ya pili hadi aone kifaranga.